Ndimu Zilizofungwa Uzi

Shuka la kitanda kipana haliwezi kukunjwa na mtu mmoja akabaki na heshima yake. Linataka watu wawili wasimame wakitazamana, kila mmoja ameshika pembe zake, walivute likaze, kisha wasogeleane mpaka vidole viguse vidole. Mmoja aachie, mwingine apokee, warudi nyuma, waanze tena. Ukitazama kwa mbali utadhani ni watu wanaocheza kwenye harusi ambayo bwana harusi hakutokea. Ni kazi nzuri kwa wachumba, na marafiki nao huiweza. Kwa mtu aliyemdhulumu mwenzake haifai hata kidogo, maana kila shuka humleta yule mwenzake mpaka puani pake, humtazama, huondoka, hurudi.

Mtu wetu alifanya kazi hiyo ughaibuni, katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, chini kabisa ya jengo, ambako madirisha yalibanwa karibu na dari na kitu pekee kilichoonekana nje ni viatu vya wapita njia. Hoteli ilikuwa na mashine ya kukunjia. Ilikuwa imeharibika tangu kabla hajaajiriwa, na sasa ilitumika kama kabati la sabuni, kazi ambayo iliifanya bila lawama. Wenzake walimwita Kona, kwa kuwa hakuvumilia shuka ambalo kona zake hazikukutana sawasawa. Angelifungua lote aanze upya, hata kama mhudumu wa juu amesimama mlangoni akilia kwamba mgeni amefika na kitanda ki uchi. Mtu mwenye msimamo mkali kuhusu mashuka ya watu wengine hudhani kwamba na mambo yake mwenyewe yamenyooka.

Aliyeshika upande wa pili wa shuka alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Jirani. Kona ndiye aliyempa jina hilo. Walitoka nchi moja, na kati ya miji yao kulikuwa na safari ya kutwa nzima kwa basi. Wangepishana huko kwao wasingesalimiana. Lakini ukishakwenda mbali vya kutosha, kutwa nzima kwa basi ni kama kuruka ua. Isitoshe, vyumba vyao vya kupanga vilitazamana kwenye ukumbi mmoja mwembamba, na mmoja akikaanga kitunguu, mwingine aliota njaa.

Jirani hakuwa amekwenda kwao kwa miaka mingi. Kila mwaka likizo yake aliiuza kazini, akatuma kinachopatikana kwa mama yake ajengewe nyumba. Nyumba ilikuwa imesimama sasa. Mama aliieleza kwenye simu dirisha kwa dirisha, na Jirani akaieleza tena kwa Kona shuka kwa shuka, hata Kona alijua mlango gani unakwama wakati wa mvua. Kwa njia hiyo hiyo alijua kwamba mama huyo alikuwa fundi cherehani, na kwamba alikuwa na achari yake.

“Watu wanakata ndimu vipande wanatumbukiza kwenye chumvi, wanaita achari,” Jirani alikuwa akisema, akimjia na pembe zake. “Ile ni ajali ya barabarani. Mama anaichana ndimu isiachane. Anaijaza pilipili, chumvi, kitunguu saumu. Halafu anaifunga uzi wa cherehani, ili kilichomo kisitoroke. Fundo dogo, hivi. Ukivuta ncha moja linafunguka lenyewe kama limekusikia.”

“Uzi kwenye chakula,” alisema Kona.

“Siku ukila utanyamaza.”

Siku hiyo ilifika, na kweli alinyamaza.

Kona alipopata likizo kwenda kumwoza dada yake mdogo, Jirani alimpigia simu mama yake, na mama akasema atampa mzigo. Kona alitegemea mzigo utumwe kwa basi. Badala yake mama alikuja nao mwenyewe, kutwa nzima njiani, na Kona akamkuta kituoni amekaa wima kwenye benchi, chupa ya kioo mapajani, mdomo wa chupa umefungwa kitambaa cha maua na uzi. Alikuwa ameshamkaribisha mwanamume mwingine kwa jina la Kona na kumwuliza habari za mwanawe. Mwanamume yule, mtu mwungwana, alikuwa amemjibu kwamba hajambo.

“Mama, ni mimi,” Kona alisema.

“Sasa huyu mwingine alikuwa nani?” Akageuza uso, akaulekeza karibu na sikio la Kona. “Haya. Keti. Usinitafutie soda, nina basi la kurudi. Nisikilize.”

Akaigusa chupa kwa vidole vyote, kama anayempapasa mtoto homa.

“Hizi ndimu ndizo za mwisho. Jicho moja limeshafunga duka, na hili la pili linafunga jioni. Daktari amesema maneno mengi, maana yake ni hiyo. Mwanangu hajui. Kwenye simu nimemwambia niko salama, kwa sababu kwenye simu atalia peke yake, na mimi sitakuwepo. Kwa hiyo utamwambia wewe. Ukimpa chupa mkononi, umwambie: mama anasema uje angali anakuona. Usije ukafika wakati wa kupapaswa tu. Nyumba nimeiona, inatosha, sasa nataka kukuona wewe. Umeshika?”

“Nimeshika, mama.”

“Umpe kwanza chupa. Mtu akiwa na kitu mkononi husikia vizuri.”

Kona aliapa. Alikuwa mtu wa kuapa kirahisi, kama watu wengi ambao hawajawahi kujaribiwa.

Sasa lazima tueleze habari ya meza ya chai, la sivyo mtamwona Kona mbaya kuliko alivyokuwa, na alivyokuwa inatosha. Katika chumba kile cha kufulia watu walitoka nchi nyingi, na sheria yao moja ambayo haikuandikwa popote ilikuwa hii: anayerudi kutoka kwao huweka mezani kitu cha kwao, siku ileile anayoingia kazini. Hakuna aliyesamehewa. Mpiga pasi mmoja aliwahi kurudi na pakiti ya biskuti alizonunua uwanja wa ndege, zikiwa bado na kibandiko cha bei. Tangu hapo aliitwa Biskuti. Mke wake alipokuja kumtembelea kazini, naye akaulizia Biskuti yuko wapi.

Kona alikuwa na karanga za sukari alizokaangiwa na dada yake, kifuko kizuri tu. Kifuko hicho alikiweka juu ya friji asikisahau. Alikikumbuka akiwa angani.

Ndege ilichelewa, akatoka uwanjani moja kwa moja hadi kazini na begi lake. Jirani alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Wenzake walimpokea kwa vifijo, wakamwuliza harusi ilikuwaje, na macho yao yote yalikuwa kwenye begi.

“Chai imeiva,” alisema Msimamizi, mama mnene wa nchi ile ambaye kwa kawaida hakula nao ila siku za marejeo. Alikuja na mkate wake na kijiko chake. “Umetuletea nini?”

“Inakuja,” alisema Kona, akaingia chumba cha kubadilishia nguo.

Humo alifungua begi. Kulikuwa na nguo, kandambili, na chupa. Alikaa kidogo na vitu hivyo vitatu. Nje alimsikia Biskuti akisema, “Anachelewa. Anatoa bei,” na watu wakacheka. Kona akafungua kitambaa cha maua. Alijiambia ni ndimu chache tu, chupa ilikuwa imejaa pomoni, na Jirani mwenyewe ni mkarimu, angekuwepo angewagawia. Hoja hiyo ya mwisho aliipenda hasa. Akachukua chupa tupu ya kahawa kwenye rafu, akatia ndimu chache, akatoka nazo.

“Mama yangu anawasalimu,” alisema. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, kama mtu anayejibu “salama” wakati anaumwa.

Ndimu ziliisha kabla chai haijapoa. Dereva wa gari la nguo, ambaye hali pilipili, alikula mbili na machozi yakamtoka, akasema hajafurahi hivyo tangu talaka yake.

“Ndizo hizo tu?” Msimamizi aliuliza, akipangusa chupa kwa mkate. “Wewe ulikwenda kwenu kweli, au ulijificha mahali?”

Kona akarudi ndani akatoa nyingine. Akarudi tena. Mara ya mwisho aliona kwenda na kurudi ni usumbufu, akazimimina zote kwenye chupa ya kahawa. Chupa ya mama akaifunga kitambaa chake ikiwa tupu, akairudisha ndani ya begi, chini ya kandambili.

Jioni Jirani aligonga mlango wake. Alikuwa ameoga, amevaa gauni safi, na mkononi alishika sahani.

Angekuja bila sahani, huenda Kona angesema kweli. Lakini ilikuwa sahani yake nzuri, ile yenye ukingo wa bluu, imeoshwa ikang’aa, na katikati yake hapakuwa na kitu.

“Forodha wamechukua,” alisema Kona. “Wamesema vimiminika haviruhusiwi.”

“Zote?”

“Zote.”

Jirani aliitazama sahani, akaigeuza juu chini, kama kwamba tatizo lingekuwa upande wa pili.

“Basi,” alisema. “Umefika salama, hilo ndilo kubwa. Mama umemwonaje?”

Hapo ndipo ujumbe ulipopaswa kutoka. Lakini mama alisema kwanza chupa, kisha maneno, na Kona hakuwa na chupa. Kumwambia mtu kwamba zile zilikuwa za mwisho, na kwamba zimetupwa na mtu wa forodha kwenye pipa, lilikuwa jambo la kikatili sana, tena halikutokea. Akaona heri atafute siku nzuri zaidi.

“Mzima,” alisema. “Anakusalimu.”

Kesho yake ndimu zilizobaki zilikuwa mezani, kwenye chupa ya kahawa ambayo mtu alikwishaibandika karatasi: ZA MAMA WA KONA. MOJA MOJA. Kona alikuwa ameomba mvua, moto, au ukaguzi wa afya, na hakujibiwa. Jirani aliketi, akachukua moja, akaiweka kwenye mkate.

“Na kwenu mnafunga uzi?” aliuliza.

“Ee,” alisema Kona. “Mama hufunga.”

“Kumbe iko mpaka kwenu.” Akavuta ncha moja. Fundo halikufunguka. Akavuta ya pili, likakaza. Uzi ulikuwa umezungushwa ovyo, mara nyingi, na fundo lilikuwa kubwa, limejikunja juu ya lingine, na pembeni kipande kingine cha uzi hakikuwa kimeshika chochote. Akalikata kwa meno. Kisha akala.

Kona alimtazama. Jirani alifumba macho, akaacha kutafuna, na kwa kitambo kirefu uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni kutoka chumba kingine. Kisha akafumbua macho, akautazama ule uzi kidoleni, akatikisa kichwa.

“Ladha ni ileile,” alisema. “Wallahi, ni ileile kabisa. Ila fundo! Kona, mama yako alifanya kazi gani?”

“Karani wa posta.”

“Nimeona. Hili ni fundo la kifurushi.”

Meza nzima ikacheka. Kona alimshukuru Mungu, kisha akajiuliza amemshukuru kwa lipi.

Mama yake Kona kweli alikuwa karani wa posta, mstaafu sasa, na alipika kama alivyopiga muhuri: haraka, kwa nguvu, bila kutazama. Kona alimpigia simu juma lile.

“Mama, unajua kutengeneza achari ya ndimu?”

“Najua duka wanakouza. Kwani kuna nini?”

“Hakuna kitu.”

“Umekonda?”

“Hapana, mama.”

“Basi acha kunitisha na ndimu.”

Njia hiyo ikafungwa. Ikabaki ya kusema kweli, ambayo Kona aliiacha wazi kila asubuhi na kuifunga kila jioni. Alikuja kazini amejipanga: leo, shuka la kwanza likiisha. Shuka la kwanza lingeisha, Jirani angemjia na pembe zake na uso wake wa roho nyeupe, na Kona angesema, “Vuta kidogo kushoto.”

Jirani naye alizidi kuwa mwema, jambo lililomfanya Kona aanze kumchukia kidogo. Alimtetea kwa Biskuti. Alimwachia ndimu kubwa: “Kula, ni za kwenu.” Asubuhi moja, wakiwa katikati ya shuka, akasema:

“Jana niliongea na mama. Nimemwambia habari ya forodha.”

Kona alivuta shuka mno, likamponyoka Jirani pembe moja.

“Polepole! Nikamwambia, mama, mzigo haukufika, umekamatwa. Halafu akaniuliza, ‘Na maneno niliyomtuma, ulipewa?’ Nikamwambia nilipewa, mama, nilifurahi sana. Si ulinipa salamu? Akasema, ‘Ulifurahi?’ Nikasema ndiyo. Akasema, ‘Haya, basi uamuzi ni wako,’ akaniaga. Uamuzi gani, Kona? Wazee bwana. Wanazungumza kama mahakama.”

“Pengine alichoka,” alisema Kona.

“Pengine.”

Kwa hiyo sasa, huko mbali, katika nyumba yenye mlango unaokwama, mama mmoja aliketi akijua kwamba mwanawe ameambiwa kila kitu, amefurahi sana, na haji. Kona alilielewa jambo hilo lote kwa mara moja, mikono yake ikiendelea kukunja. Kona zilikutana sawasawa. Hilo lilimchukiza kuliko yote.

Bado hakusema. Tuwe wakweli kwake: alifungua mdomo. Lakini mwongo hujengewa nyumba na uwongo wake, chumba juu ya chumba, na yule aliye ghorofani huona ngazi ni ndefu. Angeanza na lipi? Forodha? Meza? Posta?

Kilichomshusha ni mzaha.

Siku hiyo chupa ya kahawa ilikuwa imebakiza ndimu zisizozidi vidole vya mkono mmoja, na watu wakawa wanazila kwa sherehe. Biskuti alivuta uzi kutoka kwenye yake, mrefu, umejinyonganyonga, akauinua juu ya meza.

“Jamani, huyu mama anafunga achari au anafunga mbuzi?”

“Mwache mama wa watu,” alisema Jirani, lakini alikuwa tayari anacheka. “Nyinyi hamjui kazi. Mama yangu ndiye fundi. Angeyaona haya mafundo angelia. Mnajua mama wa Kona anavyofunga? Ngojeni.”

Akasimama. Akachukua mkanda wa aproni yake, akafumba macho kabisa, akanyoosha shingo, akaanza kupapasa ncha za mkanda hewani. Akazikosa. Akazipata. Akafunga fundo kwenye kidole chake mwenyewe, akakitoa, akafunga tena, ulimi nje, uso umeelekezwa kwenye ukuta. Ilikuwa mzaha mzuri. Dereva alipiga meza kwa kiganja. Msimamizi, aliyeshuka tena kwa ajili ya ndimu, alisema atajikojolea.

Akilini Kona alimwona mama wa kituoni, uso wake umeelekezwa sikioni. Akacheka. Alicheka kwa sababu asingecheka wangemwuliza kwa nini, na alijisikia akicheka, sauti yake katikati ya sauti zao, haina tofauti.

Baada ya chai walirudi kwenye mashuka. Wakachukua la kwanza, wakalivuta likakaza.

“Jirani,” alisema Kona.

“Naam.”

“Zile ndimu si za mama yangu.”

“Eti nini?” Akamjia na pembe zake, akitabasamu. “Ulinunua sokoni? Nilijua. Karani wa posta achane ndimu! Usijali, sitamwambia Biskuti.”

“Ni zako.”

Vidole vyao vilikuwa vimegusana. Kona alipaswa kuachia na hakuachia.

“Forodha hawakuchukua kitu. Hawakufungua hata begi. Nilisahau karanga nyumbani, nikaona aibu, nikatoa chache, nikatoa tena, nikatoa zote. Ulipokuja na sahani nikadanganya. Ni za mama yako. Amezifunga yeye.”

Nyuma yao mashine za kukaushia zilizunguka.

“Nilijua,” alisema Jirani. “Siku ile ya kwanza, ilipoingia mdomoni, nilijua. Nikasema huyu Kona ameniibia. Halafu nikatazama fundo.” Akatikisa kichwa. “Nikasema hapana, nimemsingizia mtu wa watu. Mama hafungi hivi. Nilikuomba hata msamaha moyoni. Mama hawezi kufunga…”

Akakoma.

Kona alimwona akifika mwenyewe, hatua kwa hatua, na alijua kwamba angepaswa kumfikisha yeye, taratibu, na kitu mkononi, kama alivyoagizwa.

“Kwa nini mama afunge hivyo?” alisema Jirani.

Ndipo Kona akatoa ujumbe. Aliutoa wote, neno kwa neno, maana hakuwa amesahau hata moja: jicho lililofunga duka, na hili linalofunga jioni, daktari, nyumba nimeiona, inatosha, uje angali anakuona, usije ukafika wakati wa kupapaswa tu. Alisema mbio na bila kumtazama, kama mtoto anayekariri shairi. Alipomaliza, shuka lilikuwa upande mmoja tu hewani. Upande wa pili ulikuwa sakafuni, kwenye maji ya sabuni, na Jirani alisimama mikono wazi.

“Nimemcheka,” alisema.

“Hukujua.”

“Nimesimama mbele ya watu nikamwigiza.”

“Jirani, hukujua.”

“Wewe ulijua,” alisema Jirani, bila ukali, kama anayesahihisha hesabu. “Nawe ulicheka.”

Akaenda kwenye meza ya chai. Pipa la taka lilikuwa limeshamwagwa pamoja na nyuzi zote. Kwenye ukingo wa sahani kulikuwa na uzi mmoja, wa Biskuti, akauokota akauzungusha kidoleni. Akachukua chupa ya kahawa na ndimu zilizobaki, akabandua ile karatasi, akaikunja vizuri akaitia mfukoni mwa Kona aliyekuwa amemfuata, kisha akapanda ngazi kwenda ofisini kwa Msimamizi, chupa kwapani. Waliokuwa chini walisikia sauti ya Msimamizi ikisema “Hapana,” kisha “Lakini,” kisha haikusema kitu.

Jirani aliondoka kwenda kwao mwisho wa juma. Katika siku zile chache walikunja mashuka pamoja kama kawaida, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kushika upande ule, na alisema yote yanayohitajika: vuta, achia, hili lina doa. Kona aliomba msamaha kwenye mashuka mengi. Alijibiwa, “Nimekusikia.” Ni jibu refu sana ukikaa nalo.

Sheria nyingine ya chumba kile, nayo haikuandikwa, ni kwamba anayekwenda kwao huwapitia wenzake wa upande ule akiuliza nani ana mzigo. Jirani aliwapitia wote, hata wasio wa upande ule. Dereva alimpa kofia, ingawa hakumjua mtu yeyote huko. Kona alimsikia ukumbini, mlango kwa mlango, akatumaini kwamba wake atauruka, akaogopa kwamba atauruka.

Aligonga.

“Una mzigo?” alisema Jirani.

Kona alikuwa nao. Ulikuwa kitandani tangu asubuhi: chupa ya kioo ya mama, imeoshwa, imekaushwa, kitambaa cha maua kimepigwa pasi hadi kona zake zote nne zimekutana. Alikuwa ameshinda akitafuta cha kutia ndani, maana chombo cha mtu kurudi kitupu si adabu. Alifikiria sukari, pipi, na nyuzi za cherehani za rangi zote, kisha akaona aibu kwa hizo nyuzi. Kila alichokitia kilionekana kama malipo, akakitoa.

“Mrudishie mama chupa yake,” alisema.

Jirani aliipokea, akaitikisa karibu na sikio.

“Tupu?”

“Tupu.”

“Nitamwambia nini?”

“Mwambie mimi ndiye niliyekaa na maneno yake. Mwambie hukufurahi. Hukuwa umepewa.”

Jirani alikuwa na uso wa safari, na kidoleni mwake, chini ya pete, bado kulikuwa na ule uzi.

“Hilo nilishamwambia kwa simu usiku uleule,” alisema. “Ulidhani ningemwacha alale nalo mpaka ufue mashuka yako?”

Akafunga chupa ndani ya gauni, akaitia begini, katikati, mahali pa vitu vinavyovunjika.

“Alisema nini?” Kona aliuliza.

“Aliuliza kama mlizipenda.”

Kisha akaburuta begi lake kwenye ukumbi mwembamba, na Kona, aliyetaka kumbebea, hakuthubutu kuomba.

Jumatatu Msimamizi alimpa Biskuti ashike upande wa pili. Biskuti hushika shuka kama anayemkamata kuku, na pembe zake hazijawahi kukutana na za mtu yeyote. Wakakunja moja, likaenda upande. Biskuti alingoja, akimtazama, tayari kulifungua lote upya.

“Liweke hivyohivyo,” alisema Kona.